Walipofungua Kichwa cha Binti Yangu

Binti yetu wa miaka sita alianza kupepesuka kama mlevi, na mimi, nisiye na breki mdomoni, nikamgombeza fundi wa viatu nikidhani kosa ni la soli zake. Halafu kukaja kutapika kila asubuhi. Picha ya kichwa aliyopigwa Nairobi ilionyesha uvimbe ndani ya ubongo, upande wa kisogoni. Bila upasuaji angekufa. Akipasuliwa, daktari alisema, huenda akapona, huenda asiamke.

Nilirudi nyumbani Kitengela nikiwa sina nguvu hata ya kuteta. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Kajiado na kibuyu chake cha maziwa. Nilimweleza yote nikitarajia aangue kilio. Alisikiliza tu, kisha akasema mbuzi pia hupata ugonjwa wa namna hiyo, huzungukazunguka mahali pamoja mpaka waanguke. Wengi huchinjwa. Lakini zamani wazee wa boma lao walimlaza mbuzi kama huyo, wakampasua fuvu kwa kisu na kutoa kifuko cha maji.

Nilikasirika. Mtoto wangu na mbuzi wapi na wapi? Hata hivyo nikauliza, "Uliona hata moja ikiamka?"

"Niliona moja," akasema. "Ikazaa mapacha."

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Daktari wa upasuaji aliyetoka kutuona alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, alama za barakoa zimemkaa mashavuni. Alisema uvimbe wote umetoka, tungoje aamke. Nilivitazama vidole vyake vyembamba nikaingiwa na hofu, ile ya kuingia kanisani peke yako. Vilikuwa vimepita mahali nilipodhani Mungu pekee ndiye hufika.

Kesho yake mtoto alifungua macho, akaniita mama, akadai uji. Nililia bila haya.

Daktari alipopita wodini, mama mkwe alisimama mbele yake akamwomba mikono. Kwao Wamasai, mzee hukubariki kwa mate. Nilitaka kumzuia, maana mikono ile huoshwa hadi viwikoni kabla ya kumgusa mtoto wa mtu. Lakini daktari alishaifungua. Mama mkwe akaitemea mate kidogo, akimtaja Mungu kwa Kimaa.

Daktari hakuirudisha mikono.

"Ongeza kidogo, mama," akasema. "Niko na mtoto mwingine kesho."