Kidole Gumba Kilichomsingizia Shemeji

Haya, cheka kabisa umalize, maana aibu hii Didia nzima inaijua, hata waliozaliwa baadaye. Mwaka ule nilikuwa nimerudi kutoka kuchimba dhahabu Geita, mimi ndiye manju, yaani kiongozi wa ngoma yetu, na baada ya mavuno tulikuwa tushindane na kundi la shemeji yangu Masanja, kaka wa mke wangu, na nikishindwa tu umanju sina tena. Basi kukaa siwezi, kulala siwezi, nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga, mpaka nikajiamulia jambo dogo tu: nile maini na figo kila siku nipate nguvu, na kiu niikate kwa pombe ya mtama (maji ya nini?).

"Baba Luhende, utajiua," mke wangu akasema.

"Unamtetea kaka yako!" (Mjinga mimi.)

Siku ya ngoma naamka, kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba, kinawaka moto, shuka likikigusa napiga yowe. Sasa manju, mguu unavimba siku ya mashindano yenyewe, atafikiri nini? Nimerogwa! Tena jana yake nilimwona Masanja ameinama peke yake pale kwenye uwanja wa ngoma. Nikachechemea na fimbo mpaka kwenye umati, ngoma ndiyo kwanza zinaanza.

"Simamisheni! Masanja kanifukia dawa, aifukue!"

Wakafukua, hakuna kitu. "Chimbeni zaidi!" nikasema (mchimba dhahabu huyo), wakachimba, hata mzizi hawakuuona, na uwanja ukabaki mashimo matupu, hakuna pa kuchezea.

"Shemeji," Masanja akasema, machozi yanamlengalenga, "mimi nilikuwa naokota miiba isiwachome wachezaji."

Dresa wa zahanati, aliyekuja kutazama ngoma tu, akainama akakikagua kidole. "Umekuwa ukila nini?" Nikamtajia. "Hilo ni jongo, bwana. Maini, figo na pombe vinajaza taka kwenye damu, mwili ukishindwa kuzitoa zinaganda kwenye kiungo kama chembe za chumvi. Baba yako hakuwa nalo?"

Alikuwa nalo. Jamani, walivyocheka! Nilitamani niingie kwenye shimo mojawapo.

Kumsingizia mtu uchawi kwetu si mchezo, wazee wakanitoza ng'ombe, achinjwe palepale aliwe na wote. Likaenda dume langu jekundu, na umanju ukaenda nalo. Masanja akanipa mkono, akanisamehe, kisha kwa heshima ya ushemeji akaniletea maini ya kwanza kutoka motoni, yananukia, mate yananijaa mdomoni, dresa ananitolea macho. Nikayarudisha. Mke wangu akanisogezea kibuyu cha maji.

Tangu siku hiyo, hata nikiumwa jino, najiuliza kwanza nimekula nini, na jina la mtu silitaji.