Kiraka cha Mwisho cha Faradji

Faradji alikuwa motari, mbeba abiria kwa pikipiki, kati ya Kasongo na Kabambare, na hakuwahi kumpita mtu aliyepata pancha. Sisi sote tunasimama, ndiyo desturi ya barabara yetu, ila wengine tunasimama tumenuna. Yeye alishuka akicheka, mikono ya shati ameshaikunja.

Siku ile aliyepata pancha ni mimi, Moussa, muuza chumvi, nikielekea Salamabila na pikipiki iliyojaa magunia.

"Uko na kiraka?" akaniuliza.

"Sina."

Nilikuwa navyo. Viraka na gundi vilikuwa chini kabisa ya magunia, na kufungua kamba zote zile niliona taabu. Uvivu tu, wala si kingine. Faradji akatoa kiraka chake cha mwisho, akakwangua mpira wa ndani, akakamua gundi yake mpaka ikaisha.

"Na wewe utafanya nini?"

"Mimi niko karibu na nyumba. Enda tu, kaka."

Nyumbani akamkuta binti yake Sifa ana uchungu wa kujifungua tangu alfajiri. Mkunga alisema apelekwe hospitali ya Kabambare haraka. Gundi ya kutafuta saa ile ingetoka wapi? Akampakia Sifa pamoja na mama yake, Célestine, wakaondoka.

Nusu ya njia, kipande cha mwanzi kikatoboa tairi la nyuma. Akafanya tunavyofanya tukikosa kiraka: aling'oa majani, akayashindilia ndani ya tairi mpaka likajaa. Tairi la majani linatembea, lakini halikimbii, na kila baada ya kilima majani yanasagika, unashindilia upya. Célestine akashuka, akawa anatembea kando amemshika binti yake kiuno. Walifika alasiri. Sifa alipona. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Nilikwenda kwenye kilio. Faradji alinishika mkono kwa mikono yake miwili, macho mekundu.

"Moussa, kile kiraka kilishika mpaka Salamabila?"

"Kilishika."

"Afazali," akasema. "Ungeteseka sana na ule muzigo."

Akanisogezea mkeka nikae karibu yake. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimekuja kumwambia ukweli, na viraka vyangu vyote nimevitia mfukoni ili nimpe. Nikakaa, nikanywa chai yake, nikarudi navyo nyumbani.