Mgonjwa wangu hakuogopa kufa, aliogopa kukosa wa kumchimbia kaburi

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo nawasalimia.

Kuna jambo limenikaa kifuani tangu msimu wa pamba uliopita, leo nimeona niliteme hapa. Ni kweli tupu, nililiona mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wengine wana simu janja na mmoja wao anapajua kwangu.

Mimi ni fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huku upande wa Geita. Nikitoka kazini nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, mwanangu wa mwisho ananikimbia.

Ila Jumamosi nina kazi nyingine isiyo na mshahara. Tuko kikundi cha kujitolea, tunatembelea wagonjwa ambao hospitali imeshasema wakauguziwe nyumbani, hakuna tena cha kutibu. Tunawageuza, tunawaogesha, tunapiga nao stori, tunafuatilia kama dawa ya maumivu inanywewa kwa wakati. Mgonjwa akifariki hatukati mguu, tunaendelea kwenda kwa familia aliyoiacha.

(Msiniulize nilifikaje huko. Mama yangu aliuguzwa na kikundi hichohicho, nikaishia kubaki.)

Sasa twende kwenye uzi wenyewe.

Nikapangiwa mgonjwa kijiji kimoja cha ndani huko, njia ya kuelekea Kahama. Tumwite Baba Kulwa. Mtu wa machimbo toka ujanani, akisikia dhahabu imetoka sehemu anahamia, ikikata anahamia kwingine. Mapafu yakajaa vumbi la mawe mpaka yakachoka, akarudi kwao kwa mkewe, Mama Kulwa, akiwa mifupa mitupu.

Nesi wetu alikuwa ameshampa dawa ya maji ya maumivu. Maumivu yakashuka kweli, mwenyewe alikiri. Lakini halali! Kila nikifika macho makavu, anakodolea bati.

Nesi akadhani dozi ni ndogo, akaongeza. Wapi. Mimi nikadhani ni mambo ya kiroho, nikamletea mwinjilisti. Akaomba vizuri sana, Baba Kulwa akaitikia amina, halafu akarudi kukodolea bati.

Wakuu, nilichoka. Nina hasira za karibu, nakiri. Siku hiyo nikavuta kigoda nikamwambia, “Baba Kulwa, dawa unakunywa, maombi umepata. Sasa niambie wewe, unaogopa nini?”

Akaacha kukodolea bati, akanigeukia. Halafu akasema, “Nani atanichimbia?”

Sikuelewa. Akaendelea, “Nimechimba maisha yangu yote. Sijawahi kushika jembe kwenye kaburi la mtu hapa kijijini.”

Kwa ambao hamjakaa Usukumani, ngoja niwaeleze. Majirani wa kitongoji kimoja tunawaita banzengo. Msiba ukitokea ni wa wote, wanaume wanachimba, wanawake wanaleta maji na kuni. Ukiikwepa misiba ya wenzio, siku ukifiwa watakuja, watakaa, lakini jembe halishikwi na mtu mpaka wazee wakae kikao. Nimeshaona familia ikichimba yenyewe huku kijiji kizima kinatazama. Aibu ile watoto wanakua nayo.

Na kosa la Baba Kulwa lilikuwa kubwa zaidi. Mama yake mzazi alipofariki, yeye alikuwa shimoni huko, hapatikani. Banzengo ndio wakamzika yule bibi. Jamaa akaja baadaye, akalala siku moja, akarudi machimboni bila kumuaga wala kumshukuru hata mtu mmoja.

Mama Kulwa alikuwa anasikiliza pale mlangoni. Akafuta macho kwa kanga akasema, “Mimi ndiye nitabaki hapa na watoto. Nitatazamana vipi na watu?”

Kwenye training tunafundishwa tusitoe ahadi tusizoziweza. Mimi nikawasha pikipiki, nikaenda kwa kiongozi wa banzengo, Mzee Shija. Nikamkuta anaziba pancha ya baiskeli.

“Mwangaluka, baba,” nikamwamkia Kisukuma.

“Mwangaluka, ng'wanawane, mwanangu. Umetumwa?”

“Hapana, nimekuja mwenyewe kumsemea Baba Kulwa.”

“Basi umechoma mafuta bure. Kwa banzengo mtu hasemewi. Mdomo si anao?”

“Mdomo anao, baba. Miguu ndiyo hana.”

Mzee akaendelea kusugua mpira wake. Niliondoka pale nimefura, nikisema moyoni huyu mzee ana roho ya jiwe, na mawe mimi nayajua.

Haikupita muda, bibi mmoja jirani akafariki. Nilikuwa kwa Baba Kulwa asubuhi hiyo tuliposikia vilio. Akajiinua kwa viwiko, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya.

“Nipelekeni,” akasema.

Nikampigia nesi, nikijua kabisa atakataa ili na mimi nipate pa kujifichia. Nesi akasema, “Kama ndicho anachotaka, mpelekeni. Apate dawa yake kwanza, akae wima, msimharakishe. Akianza kuhema sana mrudisheni.”

Basi. Tukaazima mkokoteni wa ng'ombe, tukatandika godoro, tukamwegemeza kwenye magunia ya pumba. Mama Kulwa anashika mgongo, mimi naongoza ng'ombe. Mimi fundi mashine, ng'ombe wenyewe walinidharau wazi, mara wasimame wale majani, mara waingie shamba la watu.

Tulipofika msibani, maongezi yakakata. Wanaume walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kuchimba. Hakuna aliyesogea kutupokea. Nilitamani nigeuze mkokoteni.

Baba Kulwa akaomba jembe.

Kijana mmoja akamtazama Mzee Shija. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Tukamshusha, tukamkalisha ukingoni, akashika jembe kwa mikono miwili. Akavuta udongo kidogo tu, hata sufuria usingejaza. Kikohozi kikamshika. Kilipotulia akasema, kwa sauti ya kukwaruza:

“Mlinizikia mama yangu. Nikaondoka kama mwizi. Nimekuja kusema asante, na mnisamehe.”

 Wakuu, maneno yale nayasikia mpaka leo.

Mzee Shija akamfuata, akachukua lile jembe mikononi mwa mgonjwa taratibu, akampa mtu mwingine. Kisha akageukia watu waliokaa kwenye benchi.

“Sogeeni. Mwenzetu akae.”

Nililia. Mtu mzima na ndevu zangu, nililia, na sikutafuta kisingizio cha vumbi.

Jumamosi iliyofuata Mama Kulwa akanipokea anacheka. “Analala! Anakoroma mpaka kuku wanashtuka!” Dozi ni ileile. Na nyumba imejaa watu, huyu kaleta viazi, yule kaleta maji, Mzee Shija mwenyewe kakaa pembeni ya kitanda anamsimulia habari za ng'ombe aliyepotea.

Aliishi mpaka pamba ilipoanza kuvunwa. Akafa asubuhi, taratibu, mkewe kamshika mkono.

Nilipopigiwa simu, nilifunga sururu na koleo nyuma ya pikipiki. Sijui kwa nini, nadhani moyo ulikuwa bado hauamini. Nilijiambia, wakigoma, nitachimba peke yangu hata mpaka jioni.

Nimefika, kaburi limezungukwa na wanaume wengi kuliko nafasi iliyopo. Mzee Shija akaitazama sururu yangu akauliza, “Hiyo ya nini?”

Nikapanga foleni kama wengine. Mpaka kaburi linakamilika, zamu yangu haikufika.

Kwa Mama Kulwa bado naenda. Ana siku zake mbaya, anakaa tu anatazama njia. Lakini ndani hayuko peke yake hata siku moja, na hilo linanipa usingizi hata mimi.

Nilichojifunza: mgonjwa akiwa hatulii, kabla hujaongeza dawa au maombi, muulize anaogopa nini. Halafu ukae umsikilize, hata kama jibu haliko kwenye uwezo wako.

Wenye uzoefu wa kuuguza, karibuni hapa chini. Wa kwenu aliogopa nini?