Ngowe Zilizoachiwa Pumzi

Kule Marafa msimu wa maembe huanza kwa shangwe na kuishia kwa nzi. Kahonzi, mjane mwenye miti mitano ya maembe aina ya ngowe, aliijua vyema harufu ya mwisho huo: utamu uliochacha chini ya miti, mbuzi wenyewe wameshiba na kugeuza nyuso. Ngowe zake hazikuwa na mfano, ila njia ya kwenda kwenye mahoteli ni joto na vumbi, na kila mara zilifika zimelainika.

Ndipo Gona, mdogo wa marehemu mumewe, alipoamua miti ikatwe mbao.

"Shemeji, mti unaozaa uozo una faida gani?" alimwambia. "Fundi wa msumeno nimeshaongea naye."

"Nipe msimu huu tu. Ngowe zikifika mahoteli ya Kikambala na zikae nzima, miti ibaki. Zikioza, usiniulize. Kata."

Gona alikubali upesi, kama mtu aliyeahidiwa mvua ya kiangazi akijua hainyeshi.

Katika kikundi chao cha akina mama, Kahonzi alikuwa amefundishwa kutengeneza karatasi za wanga wa muhogo. Huuchemsha wanga na glisirini kidogo hadi uwe uji unaong'aa, akautandaza juu ya vioo vikuukuu vya dirisha, kisha jua likamaliza kazi. Kinachobanduka ni chembamba kama ganda la kitunguu, unaona vidole vyako upande wa pili. Ukikitupa shambani, kinarudi kuwa udongo. Mbuzi wakikiona, hakifiki hata huko.

Jaribio la kwanza lilimliza. Alilifunga kila embe barabara kwa karatasi hizo, akayapanga kwenye pakacha, akalifunika kwa majani ya mgomba. Alipolifunua, yote yalikuwa manjano, yanabonyea.

Gona alicheka hadi akajishika mbavu. "Umeyavumbika, shemeji! Nyanya yangu alivumbika hivyo hivyo, tena bila glisirini!"

Alisema kweli. Mikono ya Kahonzi ilijua funiko moja tu, lile la utotoni, la kulifungia embe joto lake mpaka liive. Alikaa na kejeli ile jioni nzima, ikimchoma. Kisha akainuka kwa kishindo. Kama kubanwa ndiko kunakoliivisha, basi liachiwe pumzi!

Alichuma miiba ya mlimau, akatoboa karatasi vitundu vidogo vidogo, akafunga upya kwa ulegevu ngowe zilizokomaa zikiwa bado kijani. Hakufunika kitu juu yake. Akazipanga kwenye katoni, ikapelekwa kwa Okoth, mpishi wa hoteli moja huko Kikambala, aliyekubali kuiweka rafuni, nje ya friji, hadi wiki ipite.

Siku Okoth alipopiga simu ya video, fundi alikuwa tayari chini ya mwembe wa kwanza, akinoa mnyororo wa msumeno. Gona alisogeza kichwa karibu na cha shemejiye.

"Mama, unaniona?"

"Naona sikio tu! Shusha simu!"

Okoth alishusha, akachana karatasi. Embe lilitokea limenyooka ngozi, umanjano ukianza tu kupanda mashavuni. Kisu kikaingia na kutoa mlio wa nyama iliyokaza. Akakata kipande, akatia kinywani. Akatafuna.

"Sema, mwanangu!"

"Ngoja nimeze, mama."

"Meza basi!"

"Tamu! Zote nzima! Jumamosi tuna harusi hapa, niletee kila katoni uliyo nayo!"

Kahonzi alipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Gona akavua viatu, akakimbilia mtini.

"Wewe fundi," alifoka akiwa ameshakwea tawi la kwanza, "weka msumeno chini ushike kapu!"

"Usiyaangushe!" Kahonzi alipaza sauti kutoka chini. "Teremsha kwa kamba, polepole, na ukimaliza mti huo uje kwenye vioo. Wanga umeshachemka!"