Bibi wa Chimala

Tumpe alikuwa mpiga picha wa harusi jijini Mbeya, na kilichomtofautisha na wenzake kilikuwa lenzi moja. Ilikuwa fupi, nzito, yenye kioo kikubwa kilichotuna. Haikuvuta mbali wala karibu. Ukitaka uso uonekane mkubwa, unasogea kwa miguu yako. Lakini iliona chumba kizima, na ilimeza mwanga kiasi kwamba hata chumbani penye dirisha moja lililozibwa na pazia, Tumpe hakuhitaji flashi. Akina mama wa Kiislamu walimtaka yeye kwa sababu hiyo. Aliruhusiwa kuingia anakopambwa bibi harusi, na hakumulika mtu usoni.

Ndivyo alivyoitwa Chimala, kwenye harusi ya Naima, binti wa mfanyabiashara wa mchele. Chumba kilijaa wanawake na vigelegele, udi ukifuka. Tumpe alipiga magoti karibu kabisa na Naima, akapiga picha mpaka bibi harusi alipotolewa nje. Alirudi Mbeya amechoka, ameridhika.

Asubuhi yake akafungua picha kwenye kompyuta. Mumewe, Philbert, alikuwa akinywa chai.

"Huyu bibi katokea wapi?" Tumpe akauliza.

Pembeni kabisa mwa picha, ukingoni mwa kitanda, ameketi kikongwe mwenye kanga ya kijani, mkono juu, akiitazama kamera. Picha iliyofuata, yumo, ameinama mbele kana kwamba anaita. Katika picha za mbele zaidi, ameshusha mkono na kugeukia ukutani.

"Si ulikuwa na kazi nyingi," Philbert akasema.

"Alikuwa hapa, Philbert! Ningenyoosha mkono ningemgusa."

Philbert akaweka kikombe chini. Kuna jambo alikuwa amelinyamazia: vile mkewe alivyokuwa akijigonga kwenye mlango wa jikoni, vile alivyopewa sahani akaiacha ianguke. Akasimama kando yake, akainua mkono usawa wa sikio.

"Tazama mbele. Unauona mkono wangu?"

"Mkono gani?"

Hospitalini waliambiwa ni presha ya macho. Ilikuwa imemla uwezo wa kuona pembeni, kimyakimya. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi.

"Mbona sikuona giza?" Tumpe akauliza.

"Huoni giza, mama," daktari akamjibu. "Unaona tu kwamba hapo hakuna kitu."

Siku zile hakugusa kazi. Picha za Chimala zilikuwa bado kwenye kompyuta Naima alipopiga simu, sauti imekauka. Bibi yake, Bi Waridi, alikuwa amefariki. Je, ipo picha yoyote aliyopigwa siku ile?

"Maana alikuita, dada Tumpe. Alitaka apigwe picha pamoja nami. Alikuita mpaka akachoka, akasema yule mama amenidharau."

Tumpe alitaka kumweleza habari ya macho, lakini hakumweleza. Akasema tu ataileta.

Akamkata bibi kutoka kwenye picha na kumkuza. Hapo lenzi ile aliyoipenda ikamgeuka: watu wa ukingoni mwa picha huwatanua, na ilikuwa imemvuta Bi Waridi shavu hadi sikioni, mkono ukawa mkubwa kuliko kichwa. Akajaribu kunyoosha kwa kompyuta, siku nzima. Mwisho akasafisha iliyokuwa afadhali, akapanda basi la Chimala.

Naima alimpokea mkekani. Safari hii Tumpe alieleza yote, akalia.

"Pole sana, dada yangu," Naima akasema, na alikuwa akimaanisha. Akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akailaza kifudifudi. "Lakini huyu siye. Bibi hakuwa na uso huu."

Walikunywa chai, wakazungumza habari za mvua. Hakuna aliyeigusa tena ile picha. Tumpe alipoaga, Naima alimsindikiza hadi barabarani akiwa amemshika mkono upande wa kushoto, ili asijikwae.

Lenzi aliichukua Anyelwisye, mpiga picha mwenzake wa Iringa. Siku hizi Tumpe anapiga picha za pasipoti: mtu mmoja kitini, ametazama mbele. Akina mama bado wanampigia simu za harusi. Anawaambia ameacha. Wakimuuliza kwa nini, anasema amechoka, na wengine wanaudhika, wanadhani ameanza kuringa.