Vitambaa Vyekundu vya Fundi

Kabla ya matata, makao yangu yalikuwa chini ya meza ya baba. Yeye alikuwa fundi cherehani hapa Kamalondo, na mimi, binti yake wa miaka saba, nilikuwa na haya kupita kiasi. Mteja akiingia, nilijifukia kwenye mabaki ya nguo. Mama alinivuta mkono nikasalimie, nami nikagoma kama mbuzi anayesukumwa mvuani. Baba alicheka tu. "Mwache. Huyu anaangaliaka."

Na kweli niliangalia. Wateja niliwajua kwa viatu vyao. Alhamisi moja ya mvua yaliingia mabuti ya mpira yaliyojaa matope. Mwenyewe alileta kitambaa chekundu, akataka kikatwe vipande vyembamba vya kufunga kichwani, thelathini. Vya nani, sikusikia, maana alizungumza chini chini. Jumamosi alivifuata, akavificha ndani ya koti na kuondoka haraka. Sikumpenda.

Jumatatu watu wenye silaha waliingia mjini mchana kweupe. Vichwani walikuwa wamefunga vitambaa vyekundu.

Tulilala sakafuni hadi milio ya risasi ilipokoma. Kesho yake watu walitoka kununua unga huku wakipimana kwa macho. Siku ya tatu askari watatu wa serikali, waliokuwa wakiwasaka wale wenye vitambaa, waliingia dukani kwetu moja kwa moja, bila kupita kwa mtu mwingine. Nani aliwaelekeza? Hadi leo jirani akinisalimu kwa uchangamfu mno, najiuliza.

Mmoja aliinama chini ya meza, akaokota kipande chekundu karibu na mguu wangu.

"Bile bitambaa ni bya nani?"

"Bya batoto ba confirmation, chef," baba alijibu. "Katekista mumoja wa njia ya Mokambo alileta."

"Jina yake?"

"Sikumuuliza."

Askari alimgeukia mama, aliyesimama mlangoni. Mama alitazama chini.

Ndipo baba aliponionyesha mimi. "Muulize huyu mutoto. Anaonaka bantu bote. Hasemake bongo."

Alijua sisemi uongo, hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Askari alichuchumaa. "Baba yako alishonea nani?"

Niliyatazama mabuti yake.

"Sema, mama," alinibembeleza. "Usiogope."

Sikusema.

"Mutoto anaficha kitu," aliwaambia wenzake.

Wakamchukua baba. Hakurudi, na mwili hatukupewa.

Pentekoste ilipofika, mabuti yale ya mpira yalisimama tena mlangoni, safari hii yamejaa vumbi. Alikuwa katekista kweli. Alikuja na watoto watano wa kipaimara waliofunga vitambaa vyekundu vichwani, wamshukuru fundi. Alieleza kuwa Jumamosi ile nayo ilikuwa ya mvua, akavitia ndani ya koti visiloane. Mama aliwapa maji ya kunywa, akawaambia fundi amesafiri.

Kila aliyesikia habari zangu alinifariji kwa neno lilelile: haya. Mtoto ana haya, angefanyaje? Nilipokuwa mkubwa, nikaanza kutetemeka kila mlango unapogongwa, mtawa mmoja muuguzi aliniambia kuwa watoto wenye haya mara nyingi hukua na wasiwasi. Nilikubali kwa kichwa. Lilikuwa jibu zuri, nami nikajificha humo miaka mingi.

Ila si kweli. Watu niliwaonea haya maisha yangu yote, lakini siku ile si haya iliyonifunga mdomo. Nilimshuku baba yangu. Nililiona lile koti, nikaona vile vichwa, nikajumlisha kitoto. Nikaona heri ninyamaze kuliko kumsema.

Mwaka huu nilimweleza mama. Tulikuwa uani tunachambua maharagwe, na nilitegemea alie, au anifukuze. Aliendelea kutupa mawe pembeni, moja moja.

"Hata miye," alisema mwishoni. "Nilizania alibashonea kweli. Ndiyo maana sikumujibu ule chef."

Tulimaliza maharagwe, tukayabandika motoni. Siku ile baba alikuwa na watu wawili tu wa kumtetea, na wote wawili hatukumwamini.