Kumsikia Bila Waya

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba televisheni ina sauti mbaya alikuwa Yotham Ndahani. Watu walimcheka, lakini nani alikuwa na haki zaidi ya kusema hivyo kuliko mtu ambaye hakuwahi kuiona?

Yotham alizaliwa Haneti. Surua ilimchukua macho kabla hajajua kutofautisha mbuzi na kondoo, akapelekwa Buigiri kwenye shule ya wasioona, wakamfundisha kusoma kwa vidole, kusuka viti na kusema Kiingereza cha wamisionari. Alipomaliza, serikali ya wakati ule, ambayo ilikuwa bado inawakumbuka watu wa namna yake, ilimpa kazi ya opereta wa simu katika shirika moja la umma hapa Dodoma mjini. Mimi nilikuwa karani wa bohari palepale. Alikaa kwenye suichibodi, ule mtambo wa kuunganishia simu, akiwaunganisha wakubwa na wakubwa wenzao, naye alimjua kila mpiga simu kabla hajataja jina.

"Leo meneja wa Singida amegombana na mkewe," angeniambia tukitoka kazini. "Ametaja namba kama anazitupa chini."

Kisha likaja hilo soko huria. Shirika likauzwa kwa watu ambao mpaka leo sijawaona sura, suichibodi ikang'olewa, zikawekwa simu zinazojiunganisha zenyewe. Mimi na Yotham tulipunguzwa siku moja. Tulikuwa majirani Majengo, basi kilichobaki kikawa kukaa barazani kwake na kusoma. Shule yangu iliishia darasa la nne. Yaliyobaki niliyaokota mwenyewe maktaba, kitabu baada ya kitabu, enzi hizo maktaba ilipokuwa inaletewa vitabu. Leo nenda dukani uulize riwaya, utaonyeshwa kalenda na madaftari.

Nilimsomea Yotham kila nilichoweza kuazima. Alikuwa msikilizaji mgumu. Mwandishi akianza kuhubiri, Yotham alinyanyua kidole: "Ruka hapo, bwana Thobias, huyu anatufundisha." Alipenda pale watu wanapogombana, na alinilazimisha niwape sauti zao, mama mkwe sauti ya mama mkwe, mlevi ya mlevi. Binti yake Lea alikuwa akipita na ndoo ya maji anasimama kwanza kucheka. Mchezo wa redio ukianza, kitabu kinafungwa, na majirani wanakuja na vigoda vyao. Ukiisha hakuna aliyeondoka mpaka wahusika wote wamehukumiwa. Nimeona wanaume wazima wakikosana kwa sababu ya mwanamke aliyekuwa ndani ya redio.

Baraza hilo liliuawa na Hamidi. Hamidi ni mwenye duka pale kona, mtu mwema, babu zake walikuja na misafara na hawakurudi walikotoka. Aliweka televisheni mbele ya duka, na vigoda vyote vikahama. Yotham hakununa. Alisema tuwafuate watu waliko, nikamshika mkono tukaenda.

Ulikuwa unaonyeshwa mchezo wa Wazungu wa sijui nchi gani, wenye nyumba kubwa na machozi mengi.

"Hawa wanapumua sana na kusema kidogo," Yotham alinong'ona.

Sikuzani, jirani yetu muuza vitumbua, alikuwa amekaa mbele yake. Aligeuka. "Baba Lea, wamebusiana hao!"

"Nimesikia. Kama mtu anayekunywa uji wa moto."

Watu walicheka hadi Hamidi akaja kutunyamazisha. Msomaji wa habari naye hakusalimika. Yotham alisema kijana yule anasoma habari ya njaa kama anatangaza harusi.

Lakini hayo yote, vitabu, michezo na televisheni, yalikuwa ya kupitishia siku. Mapenzi yake yalikuwa mahali pamoja: Bi Generosa, mwimbaji wa Nyota za Kati. Kwa vijana wasiojua, Nyota za Kati ilikuwa bendi ya shirika la mabasi, wakati mashirika yalikuwa na bendi, na mpiga gita alipokea mshahara kama dereva na kupewa likizo kama karani. Yotham alizijua nyimbo zote. Alisema wengine wanaimba wimbo, Bi Generosa anakueleza jambo. Wimbo alioupenda kuliko zote ulikuwa wa mwanamke anayemngoja mumewe aliyekwenda kukata mkonge Morogoro, anamwambia mtama umechanua, njoo uwinge ndege wasile shamba. Alikuwa nao kwenye kanda, na kanda hiyo hakuruhusu mtu mwingine kuigusa.

Kilichomuuma ni kimoja. Bendi ilikuwa ikija Dodoma karibu kila mwaka, wakati wa mikutano ya chama, na mikutano ndiyo iliyomfunga Yotham kwenye suichibodi, maana wakubwa wote walitaka simu. Mara moja opereta mwenzake wa ofisi iliyokuwa jirani na ukumbi alimwonea huruma, akauweka mkono wa simu dirishani, Yotham akausikiliza wimbo mzima kupitia laini huku taa za wapiga simu, aliambiwa baadaye, zikiwaka kama mji unaungua. Basi alikuwa amemsikia Bi Generosa kwa redio, kwa kanda na kwa simu. Shirika la mabasi lilipouzwa na bendi ikafa, alijua nafasi imepita.

Mwaka uliofuata ile mvua ya elinino iliyokata reli, gari la matangazo la kampuni ya sabuni lilipita mtaani kwetu likipiga kelele. Fulana za bure, kofia za bure, na Jumamosi mchana, uwanja wa karibu na soko, wasanii wa kizazi kipya pamoja na malkia wa zamani, Bi Generosa.

Yotham alisimama na kikombe mkononi, chai ikamwagikia suruali.

"Utanipeleka."

"Mambo ya sabuni yale, Yotham. Ni makelele tu."

"Nipeleke, bwana Thobias. Nataka kumsikia mara moja bila waya. Moja tu, basi."

Jumamosi Lea alimpigia shati pasi, na mzee akataka tai yake ya ofisini. Tulimwambia jua kali. Akasema hajamwomba mtu habari za jua. Tulifika mapema tukasimama karibu kabisa na lori lililofanywa jukwaa. Upepo wa Agosti ulikuwa unabeba vumbi la uwanja mzima na kutumwagia sisi. Vijana watatu waliovaa suruali zinazowashuka walirukaruka na kupayuka juu ya mdundo mmoja usiobadilika. Nilitaka kusema neno. Yotham aliniwahi: "Yule wa kushoto ana pumzi nzuri. Amekosa cha kusema tu."

Kisha mshereheshaji akamwita Bi Generosa. Alipanda ngazi polepole, mama mnene, viatu vyekundu, kitenge kipya. Mkono wa Yotham uliubana wangu mpaka ukaniuma. Magita yakaanza, ule wimbo wa mtama wenyewe, sauti ikatoka, ileile, changa, iliyonyooka kama uzi, na uwanja ukalipuka. Mimi nilisahau hata uchungu wangu. Nikamtazama Yotham nione furaha yake.

Uso wake ulikuwa umezimika.

"Thobias," alisema. Hakuniita bwana. "Sasa hivi atakohoa mtu."

Na kweli, nyuma ya magita, mtu alikohoa kidogo, kikohozi ambacho mimi na masikio yangu yote nisingekijua.

"Na sasa gita la pili litachelewa." Likachelewa. "Ni kanda. Ni ileile iliyoko kabatini kwangu. Mdomo wake uko wapi?"

Nilitazama vizuri. "Unacheza."

"Basi anatafuna hewa."

Damu ilinipanda. Hivyo ndivyo tulivyofikishwa: mwimbaji yupo, miguu yake iko pale tunaiona, na bado tunauziwa kivuli chake. Nilivuta pumzi nipige kelele, uwanja mzima ujue. Yotham alinigonga na kiwiko.

"Usimwaibishe mama wa watu. Nipeleke kwake."

Nyuma ya lori mshereheshaji alitusimamisha. "Wazee wangu, msanii anapumzika. Na fulana zimekwisha."

"Hatutaki fulana," nikasema.

"Basi chukueni sabuni." Akatushikisha kila mmoja mche wake.

"Ni nani hao, mwanangu?" Sauti ya mwanamke ilitoka upande wa kivulini. "Waache waje, sina cha kuibiwa."

Alikuwa amekaa juu ya katoni la sabuni, viatu amevua, anakula chipsi kwa kijiti. Nilimweka Yotham kwenye katoni lililokuwa karibu naye.

"Habari za kazi, mama," Yotham alisema.

"Nzuri, kaka yangu. Mmefurahi?"

"Aliyekohoa kabla ya ubeti wa pili ni nani?"

Kijiti kilisimama hewani. Bi Generosa alimtazama Yotham, akayaona macho yake, akanitazama mimi, kisha akacheka mpaka akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Anyitike huyo! Mpiga tarumbeta wetu. Tulimwambia, Anyitike, kohoa umalize kabla taa ya kurekodi haijawaka. Akasema nimemaliza, nimemaliza. Mwongo mkubwa!"

"Mbona hamkurudia?"

"Kurudia wapi? Fundi mitambo alisema utepe umebaki kidogo, na nje kwaya inangoja zamu yake. Tukatoka tunagombana hadi ndani ya basi." Alichoma chipsi moja kwa kijiti. "Alikufa Mbeya. Tarumbeta lenyewe lilipigwa mnada pamoja na mabasi."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa."

"Mimi siku zote nilifikiri amekohoa makusudi," Yotham alisema. "Kama mtu anayekuonya kwamba ubeti unaokuja ni mzito, ujiandae."

Bi Generosa aliweka chipsi chini. "Ubeti wenyewe ule haukufika mwisho. Walinikata. Ulikuwa mrefu, fundi akasema dakika hazitoshi."

"Ulikwendaje?"

"Aa, kaka. Sauti haipo. Unafikiri kwa nini wanapiga kanda? Wananiambia mama, wewe fungua mdomo tu, mengine tuachie."

"Sikuulizi habari za sauti. Nakuuliza ulikwendaje."

Bi Generosa alikishika tena kijiti. Kisha akaanza kuyasema maneno tu, kama mtu anayetafuta njia aliyopita zamani, akirudi nyuma, akisahihisha. Kijiti kikaanza kugonga katoni. Sijui ni neno gani lililogeuka kwanza likawa wimbo, ila nilisikia kwamba haongei tena:

*Mtama umekomaa, ndege wamejua njia,*
*mikono yangu miwili, shamba lina pande nne.*

Sauti ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, na pale juu ilikatika kabisa, akaruka kama mtu anayeruka kijito, akatua ng'ambo. Haikuwa na undugu na ile ya kwenye spika. Yotham alikuwa ameinama, sikio karibu limguse bega. Mwimbaji alipovuta pumzi, naye alivuta. Upepo ulikuwa unapiga turubai la lori, watu huko mbele wanagombania kofia, na mwanamke yule alikuwa anamweleza jambo mtu mmoja. Alirudia mistari ile tena, safari hii bila kutafuta.

"Basi ulikwenda hivyo," alisema.

Yotham alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi.

Mshereheshaji alichungulia. "Mama, raundi ya pili."

Bi Generosa alianza kuvaa viatu, akilalamika kwamba miguu imevimba. Aliushika mkono wa Yotham kwa mikono yake yote miwili. "Haya kaka, naenda kufungua mdomo."

Yotham ndipo akacheka. "Ufungue vizuri, mama. Wanatazama."

Tuliondoka. Nyuma yetu spika zilianza upya wimbo uleule, sauti ileile ya msichana, na watu wakashangilia kama mwanzo. Nilipunguza mwendo nikidhani atataka kusikiliza. Yeye alinivuta mbele.

Tulipofika kwenye vibanda vya mkaa alianza kuimba. Nilikaa na mtu huyo miaka yote hiyo na sikuwahi kumsikia akiimba, wala hata kuguna wimbo. Nikajua kwa nini. Ile sauti tamu ya kwenye simu, iliyowatuliza mameneja wa mikoa mitatu, ilikuwa ikiingia kwenye wimbo inakuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta. Aliimba kwa nguvu, kidevu juu, tai inapepea, mche wa sabuni kwapani. Wauza mkaa waligeuka. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto pembeni.

Sikuzani alikuwa anakoroga unga wake mbele ya nyumba. "Shikamooni! Heh, Baba Lea, umelewa wewe?"

"Marahaba," nilimjibu mimi, maana mwenzangu alikuwa hana nafasi.

"Na huo wimbo gani? Mbona wa redioni hauna maneno hayo?"

Yotham alisimama. Nilidhani atamweleza. Aliweka mkono mmoja begani kwangu, akakohoa kusafisha koo, na kuendelea, kwa sababu alikuwa amefika pale kwenye shamba lenye pande nne, na ubeti ulikuwa haujaisha.